Jipu Lisilopona

Kila kundi jipya la wanafunzi wa udaktari linapofika kwetu Kigoma kwa mafunzo ya upasuaji, huwa ninawasimulia mgonjwa kwa mdomo kabla sijawapeleka kitandani kwa mgonjwa halisi. Ninawaambia: mama wa miaka 31, mtoto wake ana miezi minne na ananyonya, titi la kushoto limevimba, lina joto na linauma. Ni nini? Wanajibu kwa pamoja, tena kwa haraka, kwamba ni maambukizi ya titi la mama anayenyonyesha, na pengine usaha umeshaanza kukusanyika. Jibu hilo ni sahihi. Kisha ninawauliza la pili: mmempa dawa, amerudi baada ya wiki mbili, hali ni ileile, mnafanya nini? Hapo darasa hunyamaza, halafu mmoja husema kwa sauti ya chini kwamba atabadilisha antibaiotiki.

Mimi nilibadilisha antibaiotiki. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi baada ya mafunzo kwa vitendo, katika kituo cha afya ambacho kilikuwa na mimi, tabibu mmoja na wauguzi wachache, na mama huyo alikuja akiwa na historia ileile ninayowapa wanafunzi leo. Nilimpa kloksasilini ya siku saba. Aliporudi nilimbadilishia dawa. Aliporudi mara ya tatu nilimlaza, nikampiga ganzi, nikapasua mahali palipokuwa pagumu zaidi nikitarajia usaha, na kilichotoka kilikuwa damu na majimaji kidogo. Mama mkwe wake, aliyekuwa amempakata mtoto mlangoni, aliniuliza, "Mwanangu, hili jipu mbona halina usaha?" Nilimjibu kwamba wakati mwingine usaha huwa haujakomaa, nikajaza kidonda shashi, nikawapa tarehe ya kusafisha. Kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye ukuta wa kidonda kile kingetosha kutupa jibu, na kisu kilikuwa tayari mkononi mwangu, lakini sikukikata.

Kwapa lake lilipokuja kuvimba, na ngozi ya titi kuwa na vitobo vitobo kama ganda la chungwa, zilikuwa zimepita wiki tisa. Alikwenda hospitali ya mkoa, akatoka hapo kwenda Dar es Salaam, na majibu ya kipimo cha nyama yakasema saratani ya aina ya inflamatori, ile inayovaa sura ya maambukizi. Alifariki kabla mtoto wake hajatimiza miaka miwili. Siwezi kusema kwamba wiki zile tisa ndizo zilizomuua, kwa kuwa saratani ya aina ile ni kali hata inapowahiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba zilikuwa wiki zake, na mimi ndiye niliyezitumia.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu vitabu vingi hufundisha magonjwa ya matiti katika sura mbili zilizotengana, moja ya yasiyo ya saratani na nyingine ya saratani, na mwanafunzi akazisoma kwa siku mbili tofauti kana kwamba wagonjwa nao huja kwa siku mbili tofauti. Kliniki haiko hivyo. Mtu anakuja na uvimbe, au maumivu, au uchafu unaotoka kwenye chuchu, na ni wajibu wako kujua ni sura ipi, mara nyingi bila kuijua siku hiyohiyo. Ninachowaomba wanafunzi wangu washike ni jambo moja: unapomwambia mgonjwa kwamba ugonjwa wake si saratani, neno hilo liambatane na tarehe. Usipompa tarehe ya kurudi na kuangaliwa tena kwa mkono uleule na kwa kipimo kilekile, umempa maoni yako tu.

Nirudi kwenye ganda la chungwa, kwa sababu mwanafunzi anayejua kwa nini ngozi inakuwa hivyo haisahau dalili hiyo. Seli za saratani huziba mishipa midogo ya limfu, yaani majimaji yanayotoka kwenye nyama za mwili, iliyo ndani ya ngozi, majimaji hayo yakakosa njia, ngozi ikavimba. Lakini pale penye vinyweleo na tezi za jasho ngozi imeshikiliwa chini na haiwezi kupanda pamoja na sehemu nyingine, ndipo panapobaki vitobo. Jambo la pili ni rangi. Picha za vitabuni huonyesha titi jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachokiona ni ngozi iliyokolea weusi, au yenye rangi ya zambarau kwa mbali, inayong'aa na kukaza, na kiganja cha mkono kitakupa habari ya joto kabla jicho halijakupa habari ya rangi.

Maambukizi ya kweli ya titi, yakipata dawa inayofaa na titi likiendelea kukamuliwa, huanza kutoa nafuu ndani ya siku mbili au tatu. Mama aendelee kunyonyesha, kwa sababu maziwa yanayolala ndiyo yanayolisha vijidudu, na mwambie hivyo waziwazi kwa kuwa nyumbani atashauriwa kinyume chake. Nafuu isipoonekana, piga ultrasaundi kutafuta usaha. Ukiupata, uvute kwa sindano nene, na urudie baada ya siku chache ukijaa tena. Kisu kibaki kwa jipu kubwa au lililokaribia kupasuka lenyewe. Usipoupata, na uvimbe umekaa kwa zaidi ya wiki mbili pamoja na dawa, chukua kipande cha nyama pamoja na kipande cha ngozi yenyewe, umtume mgonjwa mbele wala usimwandikie dawa ya tatu.

Huku kwetu wagonjwa wengi hawasemi titi, husema ziwa, neno lilelile tunaloliita Ziwa Tanganyika, na mwanafunzi aliyelelewa mjini kwingine huchelewa kidogo kuelewa mama anaposema ziwa lake "linachomachoma". Msikilize kwa maneno yake. Ukubwa wa uvimbe atakutajia kwa vitu anavyovishika kila siku: punje ya harage, ndimu, embe changa. Muda atakutajia kwa msimu: tangu tulipopanda maharage, tangu mvua za mwanzo. Andika kama alivyosema, kisha chukua rula upime kwa sentimita, uandike na mahali ulipo kwa kufuata uso wa saa na umbali wake kutoka kwenye chuchu. Maneno "uvimbe mdogo titi la kulia" hayamsaidii atakayemwona baada ya wewe, kwa sababu hawezi kujua kama umekua.

Uchunguzi wenyewe unahitaji pazia, muuguzi wa kike ndani ya chumba, na mikono iliyopashwa joto. Mgonjwa akae mbele yako akiwa wazi hadi kiunoni, mikono ikiwa pembeni. Kisha ainue mikono juu ya kichwa. Kisha aishike nyonga na kuzibana. Hatua hiyo ya tatu wanafunzi wengi huiruka, ilhali ndiyo inayokaza msuli wa kifua na kuonyesha ngozi iliyovutwa kwa ndani. Titi limeshikiliwa na nyuzi zinazotoka kwenye ngozi kwenda chini, na saratani inapozivuta, kishimo kidogo hutokea ambacho mgonjwa akiwa ametulia hukioni. Baada ya hapo alale, mkono wa upande unaopimwa ukiwa chini ya kichwa, nawe uanze na titi lisilo na shida, ukitumia nyama ya vidole vitatu badala ya ncha zake. Titi huanzia kwenye ubavu wa pili na kuishia kwenye ubavu wa sita, na lina mkia unaoingia kwapani. Robo ya juu iliyo upande wa nje ndiyo yenye nyama nyingi, na karibu nusu ya saratani hutokea hapo. Malizia na kwapa na juu ya mfupa wa mtulinga, kwa sababu takriban asilimia 75 ya limfu ya titi huelekea kwapani.

Katika magonjwa yasiyo ya saratani, mtakayokutana nayo zaidi kwa wasichana ni faibroadenoma. Ni uvimbe mgumu kiasi, kama mpira, wenye mipaka inayohisika, unaokimbia chini ya vidole vyako hata ukahisi kana kwamba unakukwepa. Huja zaidi kati ya miaka 15 na 35. Ile ya kawaida haigeuki kuwa saratani, na nyingi hubaki chini ya sentimita tatu, kwa hiyo si kila msichana apelekwe chumba cha upasuaji. Ukikua kwa kasi, ukazidi sentimita tano, au ukimnyima mwenyewe usingizi, utolewe. Kwa mwanamke aliyekaribia miaka 40 au zaidi, uvimbe unaofanana na huo lakini unaokua haraka uwafanye mfikirie uvimbe wa filodi, ambao ukitolewa bila kingo safi za nyama nzima kuuzunguka hurudi palepale.

Matiti yenye vinundu na maumivu yanayopanda kabla ya hedhi na kushuka baada yake ni jambo la kawaida, na dawa yake kubwa ni maelezo mazuri na sidiria inayoshika vizuri. Vifuko vya maji huonekana wazi kwenye ultrasaundi. Ukivuta majimaji yakatoka ya rangi ya majani makavu au kijani na uvimbe ukaisha kabisa, umemaliza. Yakitoka na damu, au uvimbe ukibaki, hujamaliza. Chuchu inayotoa uchafu wa kijani au mzito kutoka kwenye mirija mingi ya matiti yote mawili si ya kutisha kama ile inayotoa damu, au maji maangavu, kutoka tundu moja la titi moja. Hiyo ya pili mara nyingi ni papiloma, kinyama kidogo ndani ya mrija, lakini baadhi ya saratani nazo huja na dalili hiyohiyo, na kwa hiyo lazima ichunguzwe. Mgonjwa akamue mwenyewe. Anajua pa kubonyeza kuliko wewe.

Kuna mawili ambayo hudanganya kwa upande wa pili, yaani yanafanana na saratani na kumbe siyo. La kwanza ni mafuta ya titi yaliyokufa baada ya kupigwa au kuanguka, ambayo huacha donge gumu linalovuta ngozi. Niliwahi kumwona mama aliyeangukiwa na mzigo wa kuni, akaja baada ya miezi mitatu akiwa ameshaaga ndugu zake, na kipande cha nyama kikatuonyesha mafuta yaliyokufa tu. La pili ni kifua kikuu cha titi, ambacho huja kama uvimbe unaotoboka na kutoa usaha mwepesi kwa miezi, na ambacho katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu hakuna kisingizio cha kukisahau. Haya mawili yananikumbusha kila mara kwamba jicho langu lina mipaka pande zote mbili.

Wanaume pia wana matiti. Kijana wa miaka 14 aliyeota titi upande mmoja anahitaji kuambiwa kwamba kwa kawaida litapungua lenyewe. Mwanaume mzima umuulize dawa zake, hasa spironolaktoni, na kwa waliowahi kutumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, efavirenzi, ambayo ilituletea wagonjwa wengi wa namna hiyo kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake. Hata hivyo takriban asilimia 1 ya saratani za matiti huwapata wanaume, nao huchelewa kuja kuliko wanawake kwa sababu ya aibu.

Saratani zenyewe hazifanani. Kati ya saba na nane katika kila kumi huanzia kwenye seli za mirija ya maziwa na kupenya nje ya ukuta wake. Hiyo ndiyo inayotoa donge gumu lenye kingo zisizoeleweka, lile la kwenye vitabu. Ile ya vijumba vya maziwa, yaani lobula, ni takriban moja katika kila kumi, na seli zake zimepoteza E-kadherini, protini inayozishikamanisha, hivyo hutembea moja moja kwa mstari katikati ya nyama bila kujenga donge, na mgonjwa akasema tu kwamba "ziwa limekuwa zito". Ugonjwa wa chuchu alioueleza daktari wa upasuaji wa Uingereza, James Paget, mwaka 1874, ambao ni aina ya saratani, huja kama upele mkavu unaowasha, na nimeuona ukipakwa krimu kwa miezi. Pumu ya ngozi ya kawaida huanzia kwenye weusi unaozunguka chuchu na mara nyingi iko pande mbili. Ugonjwa wa Paget huanzia kwenye chuchu yenyewe, upande mmoja, kisha husambaa kwenda nje.

Umri usiwadanganye. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huwaelekeza kumfikiria mwanamke aliyekoma hedhi, lakini hapa Tanzania sehemu kubwa ya wagonjwa wetu wako chini ya miaka 50, na wapo wa miaka 30. Uzazi mwingi nao usiwadanganye. Mkoani kwetu mama wa watoto saba aliyenyonyesha wote huambiwa, hata na watu wa afya, kwamba yeye hawezi kupata kansa ya ziwa. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba hatari hupungua kwa takriban asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Ni kinga ya kweli, wala msiibeze, lakini hupunguza hatari bila kuiondoa, na katika miaka ya mwanzo baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka. Yule mama wangu alikuwa kwenye miaka hiyo.

Ndiyo maana tunasisitiza uchunguzi wa njia tatu: mkono, picha, na nyama. Chini ya miaka 35 hadi 40 ultrasaundi huona vizuri zaidi kwa sababu titi la kijana lina nyama nzito inayoficha uvimbe kwenye mamografia, yaani eksirei ya titi. Njia zote tatu zikikubaliana kwamba si saratani, usahihi wake huzidi asilimia 99. Moja ikikataa, aminini hiyo iliyokataa mpaka ithibitike vinginevyo.

Njia ya tatu ndiyo inayokwama huku. Watu husema kansa haitaki chuma, kwamba ikiguswa na kisu huamka, na wana ushahidi wa macho yao: jirani alikatwa, akafa. Nikisikia hivyo sibishani. Ninauliza jirani alikwenda hospitali uvimbe ukiwa na ukubwa gani, na mara nyingi jibu ni kwamba ulikuwa umeshakuwa kidonda. Kwa nchi nzima, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 hufika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne, zile za mwisho, kwa hiyo wanachokiona wanakijiji ni kweli, isipokuwa kisu kilikuja mwisho na kikabeba lawama ya muda uliotangulia. Mwelezeni hivyo mgonjwa pamoja na mume wake au shangazi aliyemleta, kwa sababu uamuzi hauko kwake peke yake.

Baadaye, kipande kikishakatwa, kitunzeni. Kiingie papo hapo kwenye fomalini ya asilimia 10, yenye ujazo wa angalau mara kumi ya kipande, kwenye chombo chenye mdomo mpana, na jina liandikwe ubavuni kwa sababu kifuniko hubadilishwa. Kikikaa kwenye maji ya chumvi kwa safari ya Mwanza au Dar es Salaam kitafika kimeoza. Kikikaa kwenye fomalini kupita saa 72, vipimo vya vipokezi vya estrojeni na projesteroni, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni hizo, na vya HER2, protini inayochochea seli kukua, vinaweza kutoa majibu ya uongo. Vipimo hivyo ndivyo vinavyochagua tiba. Mwenye vipokezi vya estrojeni atanufaika na tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa miaka mitano au zaidi, ambacho kinaweza kumfikia hata Kakonko, wilaya ya mkoani kwetu. Mwenye HER2 nyingi anahitaji trastuzumabu, dawa inayoizuia protini hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 na bado ni ghali. Asiye na hata kimoja kati ya vitatu hivyo, na wa aina hiyo ni wengi zaidi miongoni mwa wanawake wa Afrika, hutegemea zaidi tibakemia. Saratani ya inflamatori, ya mama yule, huanza na tibakemia kwanza. Anayekimbilia kukata titi siku ya kwanza anamkosea mgonjwa kwa mara ya pili. Na anayetaka kubakiza titi kwa kutoa uvimbe peke yake lazima awe na njia ya kupata mionzi, maana yake hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, wiki kadhaa mbali na nyumbani, nauli na mahali pa kulala vikiwa vimefikiriwa kabla ya upasuaji.

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa nne alimpima msichana wa miaka 19 kutoka Kibirizi, aliyekuja na mama yake wakitoka kuanika dagaa. Uvimbe ulikuwa wa sentimita 2, titi la kulia, kwenye namba 10 ya uso wa saa, sentimita 3 kutoka kwenye chuchu, unaokimbia, kwapa safi. Ultrasaundi ilikubaliana naye, na seli tulizovuta kwa sindano na kuzipeleka maabara zilirudi na jibu la faibroadenoma. Alimweleza msichana taratibu kwamba si saratani na haitageuka kuwa saratani. Mama akashukuru, akaanza kukusanya vitu vyake. Kijana akamwambia, "Subiri kidogo mama," akachukua kadi, akaandika vipimo vyote, kisha chini yake akaandika tarehe ya miezi sita mbele, akaizungushia duara, na akamwomba msichana aisome kwa sauti.